Mtungi wa kuzimia moto niufunge wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina Noah, na mtungi wa kuzimia moto siku zote naweka tu chini ya siti yangu. Wiki iliyopita nashuka Kitonga ukabingirika ukaja kukaa nyuma ya pedali ya breki, nakanyaga haishuki, nikausukuma kwa kisigino Mungu akasaidia. Nimeuhamishia kwenye buti ila jirani anasema huko nako siko, na fundi anataka kutoboa sakafu aupige skrubu. Nifanyeje? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, yaani nimesoma swali lako mwili ukasisimka. Wengi tunanunua mtungi ili trafiki akiuliza tuonyeshe, basi, tunautupa popote, na mtungi ulioandikwa kilo 1 hiyo ni poda tu, chuma chake hujahesabu, gari ikigonga unaruka ndani kama jiwe.

Jirani yako yuko sahihi, buti ikigongwa nyuma haifunguki, na moto wa boneti hausubiri ushushe mabegi. Mahali pazuri ni mbele ya siti ya abiria, pale chini karibu na miguu, umelala kwa upana wa gari. Kaa kwenye siti yako, funga mkanda, nyoosha mkono, uufikie. Dashibodini usiweke, mlangoni usiweke, wala ubavuni mwa siti, huko eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) zikifumuka mtungi utarushwa usoni kwa mtu.

Kuhusu kutoboa, mwambie fundi asubiri kwanza! Chini ya sakafu kunapita paipu za breki, za mafuta na waya, na kwenye Honda Fit tangi lenyewe la mafuta liko chini ya siti za mbele, sasa mtu anashusha drili bila kuchungulia uvunguni si balaa hiyo. Mimi napenda njia ya bati nene linalokatwa likabanwa na zile bolti mbili za mbele za siti ya abiria, hutoboi sakafu kabisa, ila bolti zikazwe vizuri kama zilivyokuwa maana ndizo zinazoshika siti, halafu sogeza siti mbele na nyuma uone haikwami. Juu ya bati funga breketi ya chuma yenye mkanda wa kufyatua. Ile ya plastiki iliyokuja na mtungi achana nayo, na kamba ya mpira pia hapana.

Ukishafunga, geji, ile saa ndogo ya presha, iangalie juu uweze kuisoma. Kila mwezi utoe mtungi, ugeuze kichwa chini, utikise, kwa sababu mitikisiko ya barabara inaigandamiza poda chini. Mshale ukitoka kwenye kijani peleka ukajazwe, na siku ya moto usifungue boneti yote, iache na upenyo mdogo tu upulizie hapo, maana mtungi mdogo hivyo unaisha kwa sekunde chache, na mwenzako awe anapiga 114 ya zimamoto.