Unga umekwisha, kodi imefika: maswali yenu kuhusu kuomba msaada kanisani na msikitini

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: kodi ya nyumba na chakula, na mlango wa kubisha kabla mambo hayajaharibika. Tumechagua nne.

Kodi ya chumba ni sh. 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mpigo. Mkononi nina sh. 90,000. Tuko watu watano. Parokiani naanzia wapi, na jumuiya siendi sana?
*Mama wa Watatu, Mbagala, Dar es Salaam*

Usianzie kwa paroko, mama. Swali lake la kwanza litakuwa, "Jumuiya yako ipi?", kisha atakurudisha huko huko. Anza kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo (kile kikundi cha waumini majirani) ya eneo unalolala, maana barua yake ndiyo inayofungua mlango wa kamati ya huruma ya parokia. Kutohudhuria si dhambi ya kukunyima chakula, ila kadi ya zaka, yaani fungu la kumi unalotoa kanisani, huenda ikaangaliwa. Ikiwa ina mapengo, sema wazi tangu lini na kwa nini. Mapengo yanayoelezwa na mwenyewe hayamshtui mtu. Yanayogunduliwa kikaoni ndiyo huleta minong'ono. (Kwa wasomaji wa KKKT, yaani Walutheri, njia ni hiyo hiyo: mzee wa kanisa wa mtaa wenu kwanza, halafu mwinjilisti au mchungaji, na kazi yenyewe huitwa diakonia.)

Beba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA au namba yake, na mkataba wa pango. Tunajua vyumba vingi vya uswahilini havina mkataba. Basi mwombe mwenye nyumba aandike nusu ukurasa: jina lake, chumba chako, kodi kwa mwezi, kiasi anachodai, tarehe na sahihi. Mwenyekiti wa mtaa akipiga muhuri, karatasi hiyo inatosha.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakwenda kusimulia shida na kuomba "chochote". Kamati haijui kupitisha "chochote", inapitisha kiasi. Miezi mitatu ni 240,000, una 90,000, pengo ni 150,000. Hilo ni kubwa kwa mfuko unaotegemea sadaka. Kabla ya kwenda kanisani, nenda kwa mwenye nyumba umwulize kama atapokea miezi miwili kwa sasa. Akikubali, unatakiwa 160,000 na pengo limeshuka hadi 70,000. Mwambie aandike kwamba amekubali. Ombi la elfu sabini lenye karatasi ya mwenye nyumba hujadiliwa kwa dakika chache. Ombi la laki na nusu lisilo na karatasi huahirishwa hadi kikao kijacho, na kikao kijacho mara nyingi ni mwezi ujao.

Pesa hutapewa mkononi. Zitatumwa kwa mwenye nyumba, kwa sababu mhazini lazima abaki na risiti, wala hilo si tusi kwako. Hakikisha namba unayotoa imesajiliwa kwa jina lile lile lililo kwenye karatasi. Ikitokea jina la mkewe au la msimamizi wa nyumba, mhazini husita na malipo husimama. Kama namba ni ya mtu mwingine, mwenye nyumba aandike hivyo mapema.

Chakula nacho kiandike kwa kilo. Mashirika ya chakula cha dharura hupima takriban gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage au jamii ya kunde, na gramu 25 za mafuta. Kwa watu watano kwa siku 14, hiyo ni kilo 28 za unga na mchele, kilo 4 na ushee za maharage, na mafuta yasiyofika lita 2. Ukiandika hivyo, waumini wanaweza kugawana: huyu unga, yule mafuta. Ongeza mkaa au gesi kwenye orodha. Watu huleta maharage makavu wakasahau kwamba yanachemka masaa.

Nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mwezi ujao pia sitakuwa na kitu. Msikiti wetu una kamati ya zaka. Je, zaka inalipa kodi? Na kaka yangu anaweza kunipa zaka yake, au ni haramu kwa ndugu?
*Msomaji wa Kisauni, Mombasa*

Ndugu yetu, tenganisha mambo mawili ambayo umeyaweka kapu moja. Kodi iliyopita ni deni. Kodi ya mwezi ujao bado si deni, ni hitaji. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na wenye madeni wana fungu lao. Kwa hiyo miezi miwili iombe kama deni: nani anadai, kiasi gani, tangu lini. Kamati itataka kujua kwamba deni limefika wakati wa kulipwa, kwamba huna mali ya kulilipia, na kwamba halikutokana na maasi. Kodi ya nyumba haina tatizo hapo. Ukiridhia, wanaweza kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja.

Mwezi ujao uombe kwa fungu la mafakiri au masikini. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wengi pwani yetu, huwapambanua kwa mfano: anayehitaji kumi akapata mbili au tatu ni fakiri, anayepata saba au nane ni masikini. Wote wawili wanastahiki. Kwa hiyo usifiche kwamba una kibarua. Andika unachopata na unachohitaji, tofauti itajieleza yenyewe. Ambatisha barua ya mzee wa mtaa au ya chifu.

Kaka yako anaweza kukupa. Asichoweza ni kuwapa zaka wale ambao matumizi yao ni wajibu wake kisheria, kama watoto wake na wazazi wake. Wewe hukai katika hesabu hiyo, na zaka kwa ndugu mhitaji ni jambo jema kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu wakati: watu wengi hutoa zaka Ramadhani, kwa hiyo fika Shaabani, mwezi ulio kabla yake, orodha inapoandikwa. Ukija mfunguo mosi, Ramadhani ikiisha, utakuta kapu tupu. Zakatul-fitri ni mlango mwingine: pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu, kwa kila kichwa, na hutakiwa ifike kabla ya swala ya Idi. Hiyo ni ya kula tu, usiitegemee kwa kodi. Na kama jirani yako asiye Mwislamu ana shida, asikate tamaa: fungu lake ni sadaka, si zaka, na kamati nyingi zina vyote viwili.

Nipo Louisville, Kentucky, nimetoka kambi ya Nyarugusu. Nimebandikiwa mlangoni notisi ya siku 7 kwa kutolipa kodi. Nikipokea msaada wa kanisa, grini kadi yangu itaharibika?
*Baba Mkongomani, Marekani*

Haitaharibika. Kanisa si serikali, na mkimbizi anapoomba grini kadi hapimwi kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali. Hilo liache.

Hesabu siku badala yake. Notisi si amri ya kutoka: baada ya siku hizo mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani, na ni mahakama peke yake inayoweza kuamuru utolewe. Ukiitwa, nenda hata kama huna senti, kwani asiyefika hushindwa siku hiyo hiyo.

Piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa penye misaada, sema "Swahili", usubiri mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za deni. Uliza Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzia Paris mwaka 1833. Vikundi vyake vingi hugawana maeneo kwa mipaka ya parokia, hivyo kinachoamua nani akuhudumie ni anwani yako, si dini yako. Mara nyingi utaacha ujumbe wa simu: taja jina, anwani, kiasi unachodaiwa na tarehe ya mwisho ya notisi. Kisha weka simu karibu na uipokee hata kwa namba usiyoijua, maana watakaokupigia ni watu wa kujitolea na huenda wasipige mara ya tatu. Desturi yao ni kuja wawili wawili nyumbani. Toa mkataba, notisi na karatasi za mshahara.

Wao pia humlipa mwenye nyumba kwa hundi, na mara nyingi humtaka ajaze fomu ya kodi ya mapato iitwayo W-9. Hapo ndipo maombi mengi hufia: mwenye nyumba anachelewesha fomu, siku zinakwisha. Ipeleke ofisini kwake siku hiyo hiyo. Ukiahidiwa sehemu tu ya deni, omba ahadi hiyo kwa maandishi uipeleke kwa kanisa la pili. Wengi hawatoi hundi hadi waone deni lote limepata wa kulilipa.

Kuna mtu anasema ni wa kamati, anataka sh. 5,000 ya fomu. Nilipe?
*Msomaji, Tandika*

Usilipe. Fomu ya msaada haiuzwi. Mwulize jina lake na la kikundi chake, kisha nenda ofisi ya parokia au kwa imamu ukaulize kama wanamjua.