Chaja ya simu iliyoniponza Arua, na nyingine iliyoniokoa Moroto

Jana dada mmoja wa Mbale ameniandikia: "Kaka, Ijumaa naenda Kitgum siku nne. Chaja ya laptopu yangu imekufa, nimebaki na ya simu tu. Itanifaa?" Nimemjibu kwa maneno machache nikamwahidi mengine hapa. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikajijibu vibaya, na nikalipia.

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa wahudumu wa afya kwa Kiswahili. Kurasa 60. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 nilikuwa naingoja kazi ya aina hiyo, na ilipokuja nikaishika kwa mikono miwili. Zilipobaki kurasa 15 mjomba akafariki, nikapanda basi la usiku kwenda Arua kwenye mazishi. Kazi ilitakiwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Jumapili jioni nafungua begi: chaja ipo Kampala, juu ya meza.

Binamu yangu akanipa ya simu yake. Imeandikwa wati 33, nikaona mambo yamekwisha. Nikachomeka, alama ya kuchaji ikatokea, betri asilimia 70. Nikaanza kazi saa mbili usiku. Sikuangalia betri tena, maana alama ilikuwa pale pale. Saa tisa usiku skrini ikawa nyeusi.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo hadi leo linaniuma kuliko la kwanza. Kila ilipofika asilimia tatu niliiwasha, nikaandika mistari miwili, ikazima. Nikaiwasha tena. Nilituma kazi saa nane mchana. Jibu lilikuwa sentensi mbili, ya pili ikisema kurasa zile 15 amepewa mtu mwingine. Sijawahi kupigiwa simu na watu wale tena. Na kazi ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Ilikuwa nzuri.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Chaja nyingi za simu zilizoandikwa wati 33 hutoa nguvu hiyo kwa simu za kampuni yake peke yake. Ukiichomeka kwenye kitu kingine, mara nyingi hushuka hadi volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Laptopu yangu nikiwa nafanya kazi, intaneti imewashwa na mwanga wa skrini uko juu, hula wati 15 hivi. Chukua jerikeni lililo chini ya bomba dogo huku mtu anachota kwa kikombe kikubwa: maji yanaingia kweli, unayasikia, na jerikeni linaisha. Ile alama ya kuchaji husema tu kwamba bomba limefunguliwa.

Kwa hiyo zima laptopu. Sisemi ifunike ilale, nasema zima kabisa. Betri yangu ni ya watisaa 50, yaani inaweza kutoa wati 50 kwa saa moja. Ningeizima Jumapili ile saa mbili usiku nikalala, hata wati 10 zile zingeijaza kabla ya alfajiri, nami ningeamka kuandika kwa saa tatu bila kugusa waya.

Wiki iliyopita nilikuwa Moroto siku tatu, safari hii kwa makusudi na chaja ndogo ya wati 20, ile yenye tundu la USB-C na maandishi madogo ya PD (Power Delivery). Hiyo huzungumza na laptopu kupitia waya: chaja hutaja volti ilizo nazo, laptopu huchagua inayoiweza. Ndiyo maana woga wa kwamba chaja ndogo itaunguza mashine hauna msingi. Ikiwa ni chaja halali, kitakachokupata ni kuchelewa. Usiku nilizima, ikajaa kwa saa kama nne. Mchana nilikata intaneti, nikapunguza mwanga, matumizi yakashuka hadi wati 8, na asilimia ikawa inapanda nikiwa naandika! Nilirudi na kurasa 40 zimekamilika, siku moja kabla ya muda. Nilisimama nje ya nyumba ya wageni nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Vijana wenzangu, acheni kuamini namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi. Geuzeni chaja, someni yale maandishi madogo karibu na miguu: ikiwa zaidi ya 5V hakuna 9V, 15V wala 20V, hiyo ni ya kuchajia umelala, si ya kufanyia kazi. Na zimeni laptopu usiku. Mteja hajali habari za betri yako, wala hana sababu ya kujali.

Dada wa Mbale, kuna laptopu zinazokataa kabisa chaja ndogo, nyingine hazikubali chochote chini ya volti 20. Usiende kulijua hilo Kitgum. Leo usiku iache betri ishuke hadi asilimia 30, izime, chomeka hiyo ya simu, ulale. Asubuhi iwashe usome namba. Ikiwa bado ni 30, una siku mbili za kuazima nyingine kabla ya basi.