Povu la Baba

Juzi msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: "Kaka, mzee kavimba miguu, wamesema figo. Sasa daktari anataka apimwe na saratani. Hawa si wanatutafutia hela tu?"

Nilishindwa kumjibu siku hiyo. Maneno hayohayo niliyatamka mimi mbele ya daktari, wagonjwa wakisikia.

Baba alikuwa na miaka 68. Ilianza kwa povu la mkojo, zito kama la sabuni ya kufulia, aliponiambia nikacheka. Viatu vilipokataa kuingia, tukaenda duka la dawa hapo Ngamiani, Tanga, tukapewa vidonge vya kukojoza. Uvimbe ukashuka, ukarudi, ukapanda mpaka kwenye kope. Shangazi akasema jini la baharini. Mimi, msomi wa ukoo, nikasema chumvi.

Dar es Salaam walimchoma sindano wakatoa kinyama cha figo. Vichujio vilikuwa vimenenepa kuta, kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inavishambulia. Kumbe wagonjwa wengi wa namna hii wana kingamwili fulani, yaani silaha ya kinga, iliyogunduliwa 2009, inapimwa kwenye damu. Baba hakuwa nayo. Hapo ndipo daktari akaanza kutafuta mchawi mwingine: homa ya ini B, kaswende, dawa alizotumia, na saratani. Akanichorea kwenye karatasi: uvimbe wa saratani unatoa protini zake, kinga inatengeneza silaha dhidi yake, silaha zinakwenda kunasa kwenye chujio la figo, chujio linavuja. Mapafu, tezi dume na utumbo ndivyo alivyotaja kwanza.

Nikamwambia tumekuja kwa figo, hatukuja kwa utumbo. Tukapanda basi tukarudi, tukashuka Kange usiku, nikijiona shujaa niliyeokoa pesa za familia.

Miezi minne. Protini ya damu ikiendelea kumwagika kwenye mkojo, ndiyo lile povu, damu huganda ovyo; mguu wa kushoto wa Baba ukajaa, ukawa wa moto. Ndipo nikarudi Dar nimeinamisha kichwa. Saratani ilikuwa kwenye utumbo mpana. Walipoikata, povu likapungua mwezi hata mwezi, bila dawa nyingine ya kutuliza kinga.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Muheza, mpeleke mzee akapimwe. Si kila figo inayovuja ina saratani nyuma yake. Kwa ugonjwa huu wa Baba ni takribani mmoja kati ya kumi, na umri ukisogea hatari inapanda. Lakini mkikataa kipimo mtajuaje? Povu lisiloisha, pima mkojo, kijiti chake kinatoa jibu kwa dakika chache. Daktari akiuliza choo, kikohozi au kupungua uzito, mjibuni kweli. Na tuache ubishi, hasa sisi tuliosoma kidogo.

Baba yupo. Jioni hutembea Raskazone polepole. Ule mguu haukurudi kama zamani, kwa hiyo nikimnunulia kandambili nanunua jozi mbili, namba 8 na namba 10.