Leopard ilifuata nini Unguja?

SWALI: Mzee, habari za Port Bell? Mwalimu wetu hapa Jinja ametuambia kuwa Leopard, meli ya kivita ya Waingereza, ilitia nanga Unguja mwaka 1799. Ilifuata nini, na iliishia wapi?
Mwanafunzi, Masese

JIBU: Salama, mwanangu. Mwalimu hakukosea.

Leopard ilishushwa majini Sheerness, Uingereza, mwaka 1790, ya mbao na matanga, mizinga 50. Mbele ya majitu ya mizinga 74 haikufua dafu, ila kwa doria za mbali ilitosha kutisha. Mwaka 1798 Napoleon, jemadari wa Ufaransa, aliingia Misri, Waingereza wakahofu atapitia Bahari ya Shamu aende India. Komodoa (mkuu wa kikosi cha meli) Blankett akatumwa ndani ya Leopard kuziba njia hiyo, akapanda na pwani yetu kaskazi ikimvumia usoni! Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia asubiri kusi. Alihangaika na upepo na mkondo, mwishowe Februari 1799 akageuza omo, akaingia Unguja kutafuta maji na chakula.

Lakini jina la Leopard lilivumishwa na jambo jingine, na mimi silisifu. Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, iliisimamisha Chesapeake, meli ya kivita ya Marekani, ikidai kupekua watoro wa jeshi lake la majini. Nchi hizo hazikuwa vitani. Komodoa Barron, mkuu wa Chesapeake, akakataa, Leopard ikafyatua. Sitaha ya Chesapeake ilisongwa na mizigo, mizinga haikuwa tayari. Luteni Allen wa Chesapeake akakimbilia jikoni, akarudi na kaa la moto, akawasha mzinga mmoja. Huo huo tu, bendera ya Chesapeake ikashushwa, ishara ya kusalimu amri.

Ujanani nikivua mukene (dagaa) tulibeba makaa kwenye debe, ya kuchemshia chai. Siku moja nilishika kaa kwa vidole, ziwa limetulia kabisa, na bado nilibabuka. Allen alilibeba lake huku mbao zikipasuka kando yake.

Wamarekani 3 waliuawa, wengine 18 wakajeruhiwa. Mabaharia wanne walichukuliwa, na mmoja wao, Jenkin Ratford, akanyongwa Halifax, Canada. Marekani walikumbuka hasira hiyo hadi vita vya 1812.

Wakati huo Leopard ilikuwa imegeuzwa ya kubebea askari. Juni 1814, ikiwapeleka Quebec, ilipanda mwamba kwenye ukungu mzito, kisiwa cha Anticosti, Canada. Watu wote walitoka salama, meli ndiyo iliyobaki pale.