Maua ya Sikukuu Yameanza Kulegea: Maswali Yenu na Majibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, sikukuu zimepita, watu wamebaki na vyungu vya maua walivyopewa zawadi au walivyonunua kupamba sebule, na maua yenyewe yameanza kuchoka. Nimechagua maswali sita. Niseme kabisa kabla sijaanza, hii mimea siyo pambo la kutupwa pamoja na makaratasi ya zawadi, mingi inaishi miaka na miaka, ila kila mmoja una kwao, na ukishajua kwao kukoje basi matunzo yake hayakusumbui tena.

SWALI: Dada shikamoo. Nilipewa poinsetia nyekundu wiki moja kabla ya Krismasi, imefungwa vizuri na karatasi ya kung'aa. Sasa majani ya chini yanageuka njano yanadondoka kila siku, na mimi namwagilia kila asubuhi sijawahi kuacha hata siku moja. Tatizo nini? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba Mama Wawili, na pole. Tatizo ni hayo maji ya kila asubuhi pamoja na hiyo karatasi. Karatasi ya kung'aa haina tundu, kwa hiyo maji yakishapita kwenye udongo yanatuama mle chini na mizizi inakaa ndani ya maji usiku na mchana, inakosa hewa, inaoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji, ndiyo maana unaona mmea umelegea kama wenye kiu wakati udongo umelowa chapachapa. Mtu akiuona vile anaongeza maji, na hapo ndiyo anaumaliza kabisa.

Leo hii vua hiyo karatasi. Halafu chomoa mmea taratibu kwenye chungu uangalie mizizi: mizima ni myeupe na imekaza, iliyooza ni ya kahawia, laini, ukiishika inachubuka kama ngozi na inanuka. Kama myeupe bado ipo ya kutosha urudishe, uache udongo ukauke juu, na kuanzia sasa usimwagilie kwa saa wala kwa siku, ingiza kidole mpaka pingili ya kwanza, ukikuta pakavu mwaga maji mpaka yatokee chini, subiri kama robo saa umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Basi. Weka karibu na dirisha lenye mwanga mzuri lakini siyo mbele ya kiyoyozi wala mlango unaofunguliwa kila mara, maana hii ni mmea wa nchi ya joto na baridi ya chini ya nyuzi 10 inauumiza, majani yote yanaweza kupukutika.

Na ukiwa umeinama hapo angalia katikati ya yale mekundu. Yale mekundu siyo ua, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni vile vishanga vidogo vya kijani na njano pale kati, na kila kishanga ubavuni kina kama kamdomo ka njano kanakotoa tone la nekta, yaani maji matamu ya ua, ukiligusa linanata. Mwakani ukienda kununua angalia vishanga kwanza, chagua vilivyofumba au ndiyo vinaanza kufunguka, kwa sababu vikishamwaga chavua na kuanza kudondoka na yale mekundu hayakai muda mrefu, hata kama muuzaji anakuapia.

SWALI: Mimi poinsetia yangu ni ya mwaka juzi, ina afya, imejaa majani kijani hadi raha, lakini mwaka jana Krismasi imepita haijatoa hata jani moja jekundu. Mbolea naweka. Au ilikuwa imepakwa rangi?

JIBU: Hapana, haikupakwa rangi, na mbolea haihusiki hapa. Kinachokosekana kwako ni giza.

Kwao poinsetia ni Meksiko na Amerika ya Kati, huko porini ni kichaka kirefu kumpita mtu, na Waazteki, wenyeji wa kale wa Meksiko, walikuwa wanaifahamu kwa jina lao, cuetlaxochitl, kabla hata jina la sasa halijazaliwa. Hili la sasa limetokana na Joel Roberts Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa Marekani nchini Meksiko, aliyepeleka mimea hii kwao miaka ya 1820. Sasa kule porini usiku unaporefuka kuelekea Desemba ndiyo mmea unajua kwamba msimu wa kutoa maua umefika. Unapima urefu wa usiku, na unapima kwelikweli! Wewe sebuleni kwako taa inawaka mpaka saa 5 usiku, kwa hiyo kwa huo mmea usiku haujawahi kuwa mrefu, unaendelea tu kutoa majani ya kijani.

Ukitaka nyekundu ya Krismasi anza mwanzoni mwa Oktoba. Kila siku saa 11 jioni uingize kwenye kabati au uufunike na boksi lisilopitisha mwanga, uutoe saa 1 asubuhi, hiyo ni saa 14 za giza, na mchana uupe mwanga mkali wa kutosha, usiuache gizani mchana kutwa ukadhani unausaidia. Fanya hivyo wiki 8 mpaka 10 bila kuruka. Na giza maana yake giza, mtu akifungua kabati usiku akawasha taa kutafuta shuka, au mwanga wa taa ya barabarani ukawa unaingia kwenye upenyo, kazi inaharibika na majani yanachelewa au yanatoka na mabaka ya kijani. Ni kazi, sikufichi, hasa ile ya kukumbuka kila jioni, ila siku unapoona jani changa la juu linaanza kuona haya pembeni, uwekundu unaingia kupitia kwenye mishipa yake, utafurahi kuliko ile siku uliyoinunua.

Kabla ya hapo, yale mekundu ya sasa yakishafifia kata matawi ubakize kama sentimita 15 kutoka kwenye udongo, hamishia kwenye chungu kikubwa kidogo, mbolea kila wiki mbili, na machipukizi yakirefuka yakate ncha ili mmea ujae badala ya kurefuka kama mti wa bendera. Kukata ncha kuishie Agosti.

SWALI: Nina mtoto anayetambaa na paka wawili. Jirani kaniambia poinsetia inaua, nimeitoa nje. Ni kweli?

JIBU: Siyo kweli, ingawa jirani kakuambia kwa nia njema. Ule utomvu mweupe unawasha ngozi, na akitafuna majani anaweza kuumwa tumbo au kutapika, mwenye mzio wa mpira wa asili ndiyo awe mwangalifu zaidi, lakini kuua hapana. Irudishe ndani, weka juu asipofika mtoto.

Ila mama, kuna wenzake wanaokaa kwenye meza hiyohiyo ndiyo wa kuogopa na hakuna anayewazungumzia. Kitunguu cha amarili, lile ua linaloota kwenye kitunguu na kutoa mkono mnene, kina sumu, kiazi kilicho chini ya ua la saiklameni kina sumu, na kalankoe, yale maua madogo madogo yaliyofungana yenye asili ya Madagaska, ina kemikali zinazochezea mapigo ya moyo wa mnyama akila nyingi. Na kwa nyumba yenye paka naomba unisikilize vizuri, maua ya lili, yale makubwa meupe ya Pasaka na jamaa zake wote, usiyaingize ndani kabisa. Siyo juu ya kabati, siyo chumba kingine, usiyaingize. Paka akitafuna jani moja, au chavua ikimdondokea kwenye manyoya akajilamba, figo zake zinaweza kufeli ndani ya siku chache, na hata maji ya chombo kilichokuwa na maua hayo ni hatari kwake. Ukihisi tu ameyagusa usisubiri aanze kutapika, kimbia naye kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo.

SWALI: Kaktasi yangu ya Krismasi ilitoa matumba mengi sana, nikaitoa chumbani nikaipeleka sebuleni wageni waione, ndani ya siku chache matumba yote yakadondoka chini. Imenivunja moyo. Halafu nimeipanda kwenye mchanga mtupu kama kaktasi zingine, namwagilia mara moja kwa mwezi.

JIBU: Pole sana, huo mchanga na hiyo safari ya sebuleni vyote vimechangia. Jina lake linapotosha watu, wanasikia kaktasi wanawaza jangwa. Kwao ni misitu yenye ukungu kwenye milima ya kusini mashariki mwa Brazili, na haioti hata chini ardhini, inaota juu ya miti, kwenye mikunjo ya matawi ambapo majani makavu na unyevu wa ukungu vimejikusanya, au kwenye nyufa za mawe. Kwa hiyo inataka udongo mwepesi wenye mboji unaopitisha maji haraka lakini unaobaki na unyevu kidogo, inataka mwanga usiokuwa wa jua kali la moja kwa moja, na maji kila udongo unapokauka juu, siyo mara moja kwa mwezi.

Matumba yanadondoka mmea ukishtuka. Kubadilishiwa sehemu, joto kupanda au kushuka ghafla, upepo wa mlangoni, kukaushwa ukiwa na matumba, chochote katika hivyo kinatosha. Ikishaanza kutoa matumba usiiguse wala usiigeuze, wageni waifuate hukohuko chumbani. Na ili itoe tena nayo inahitaji usiku mrefu kama poinsetia, saa 12 mpaka 14 kwa wiki sita hivi, ila hii ina nafuu moja, usiku ukiwa wa ubaridi wa nyuzi 10 mpaka 15 hivi inatoa maua hata kama giza halikuwa kamili.

Tena angalia kingo za zile pingili zake bapa. Kama zina meno yaliyochongoka ile ni jamii inayowahi kuchanua, kama mwezi mmoja kabla ya Krismasi, na kama kingo ni za mviringo basi hiyo ndiyo ya Krismasi yenyewe. Nyingi zinazouzwa ni zile zenye meno, kwa hiyo ikichanua Novemba usidhani imekosea. Ukitaka kumgawia rafiki, zungusha kipande chenye pingili mbili tatu kitachomoka chenyewe, kiache siku moja mbili kidonda kikauke, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Hizi zikitunzwa zinarithiwa, kuna familia zina kaktasi ya bibi hadi leo.

SWALI: Amarili imemaliza kuchanua. Nikate yote nihifadhi kitunguu kikavu au?

JIBU: Usikate yote jamani! Kata maua yaliyonyauka na ule mkono wake mnene ukishakuwa njano, lakini majani yaache, tena uyatunze, maana hayo ndiyo yanakipikia kitunguu chakula cha maua ya mwakani. Kitunguu kilichotoa maua kinakuwa kimesinyaa, kibonyeze utasikia kimelegea, sasa kipe jua, maji ya kiasi na mbolea kwa miezi kadhaa mpaka kikaze tena. Kisha acha kumwagilia, majani yakauke yenyewe, kiweke sehemu ya giza yenye ubaridi wiki 8 mpaka 10. Ukikitoa, panda kitunguu upya huku theluthi moja ya juu ikiwa nje ya udongo, ukikizika chote shingo inaoza. Maji kidogo mwanzoni mpaka uone ncha ya kijani, na kuanzia hapo hesabu wiki 6 mpaka 10 kwa kawaida unapata maua. Anayeniandikia kwamba chake kinatoa majani tu kila mwaka, mara nyingi ni kwa sababu kitunguu hakijashiba, siyo kingine.

SWALI: Nina maswali mawili kwa mpigo. Saiklameni imelala chali yote kama imepigwa, na ule msonobari mdogo wa Norfolk tuliotumia kama mti wa Krismasi umekauka matawi ya chini. Nafanyaje? – Kaka wa Maua

JIBU: Kaka, saiklameni inapenda ubaridi, nyuzi 13 mpaka 18, sebule yenye hita au joto kali inailaza. Ipeleke chumba cha baridi chenye mwanga, iweke kwenye bakuli la maji inyonye kutokea chini kwa nusu saa, halafu itoe, usimwage maji juu katikati maana pale ndipo kiazi kinapoozea. Ua likinyauka usikate na mkasi, shika kikonyo chini kabisa ukizungushe ukivute. Ikija kukauka yote msimu wa joto usitupe, inalala tu, ikiamka utaona vijani vinachomoza.

Msonobari wa Norfolk siyo msonobari kwelikweli, unatoka kisiwa cha Norfolk kwenye bahari ya Pasifiki, kwa hiyo umezoea hewa yenye unyevu. Ndani ya nyumba kinachokausha matawi ya chini ni hewa kavu, mwanga hafifu, au kusahauliwa maji, na matawi hayo hayaoti tena, hivyo yakate tu na uyalinde yaliyobaki. Usogeze dirishani, ugeuze chungu kidogo kila wiki usije ukapinda, na usikate ile ncha ya juu hata ukirefuka, ukiikata umeharibu umbo lake moja kwa moja. Pia chungulia shinani, mara nyingi vinauzwa vimiche vitatu vinne vimebanwa kwenye chungu kimoja ili uonekane umejaa, na vinanyang'anyana maji. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa kwa hiyo usivichambue, chagua kimche chenye nguvu zaidi kibaki, vingine kata chini usawa wa udongo. Na zile taa za mapambo zitoe leo.