Yoga au pilatesi? Chukua kanga, lala chali, ndipo uamue

Dada mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, ameniandikia swali ambalo hunifikia karibu kila mwezi, maneno tu ndiyo hubadilika. Anafanya kazi Mtumba, anakaa kwenye kiti kutwa nzima, mgongo umemkaza, tumbo limelegea, na akiinama kufunga viatu anasikia nyuma ya mapaja panavuta. Ana saa moja mara tatu kwa wiki na hana hela ya kulipia darasa la yoga na la pilatesi kwa pamoja. Achague lipi?

Wengi watamjibu haraka: yoga inanyoosha viungo, pilatesi inakaza tumbo, kwa hiyo aende yoga. Hilo ni jibu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapotezea watu miezi. Msuli unaweza kukaza kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza, haujazoea kufika mbali. Kila siku unaishia urefu ule ule wa kiti. Ya pili, msuli una urefu wa kutosha ila unajizuia. Kiuno hakina wa kukishikilia, kwa sababu tumbo la ndani na makalio vimelala, basi nyuma ya paja inajikaza ili nyonga isiyumbe. Mtu wa kwanza akifanya yoga atafunguka. Wa pili akinyooshwa jioni atasikia raha, na asubuhi ataamka amekaza vile vile, kwa sababu aliyemwondolea ulinzi hakumpa mlinzi mwingine.

Namna ya kujua wewe ni yupi haihitaji kipimo cha hospitali. Inahitaji kanga moja, sakafu, na mtu wa kukupiga picha kwa ubavuni.

Tembea dakika tano kwanza, mwili uchangamke. Lala chali sakafuni, si kitandani. Nyoosha miguu yote miwili. Sasa inua mguu wa kulia bila kuushika, goti limenyooka, taratibu, mpaka pale unapokwama wenyewe. Upigwe picha hapo. Shusha, pumzika, kisha pitisha kanga chini ya wayo, karibu na kisigino, shika ncha zake kwa mikono miwili na uuvute mguu ule ule kwa upole mpaka usikie mvuto unaovumilika. Picha ya pili. Rudia kushoto. Mguu uliosimama wima kama nguzo ni nyuzi 90. Ulioishia katikati ya sakafu na wima ni 45. Kwa jicho tu utakadiria vizuri.

Kanga inafaa kuliko mpira wa mazoezi kwa sababu hainyumbuki, kwa hiyo unachokiona ni mguu, si mpira. Lakini kuna mambo matatu yanayoharibu kipimo. Goti la mguu uliobaki chini likikunjika, nyonga inageuka na utapata namba kubwa ya uongo. Vidole vya mguu ulioinuliwa ukivivuta kuelekea usoni, unavuta pia shavu la mguu na neva yake, na namba inashuka bila kosa la paja. Acha wayo ulegee. Na ukizuia pumzi, mwili wote unajikaza. Ukisikia ganzi, shoti au kuchomachoma kunakoshuka hadi shavu la mguu au wayo, huo si msuli. Acha hapo hapo, umwone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya darasa lolote.

Sasa soma picha zako. Kama bila kushika umefika 50 na kwa kanga umefika 55, msuli wenyewe ni mfupi kwa matumizi: anza na yoga. Kama bila kushika ni 50 na kwa kanga ni 85, urefu unao, usichonacho ni nguvu ya kuutumia: anza na pilatesi, na usipoteze muda ukijivuta. Kama umefika 80 au zaidi bila msaada, mapaja yako hayana kesi. Tatizo liko mbele ya nyonga au kwenye kiuno. Na kama kanga inakuletea mguu mpaka karibu na uso, na viwiko vyako vikinyooka vinapinda kidogo kwenda nyuma, wewe ni mlegevu wa viungo kwa asili. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesifiwa zaidi kwenye darasa la yoga, na ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ananing'inia kwenye kano badala ya misuli. Huyo aende pilatesi bila mjadala.

Hapa niseme jambo linalohusu kwetu moja kwa moja. Mwanamke aliyekulia akifagia uwanja kwa ufagio mfupi wa chelewa, akifua ameinama kutoka kwenye nyonga magoti yakiwa yamenyooka, au aliyelima kwa jembe la mkono, mara nyingi anagusa sakafu kwa viganja bila kujilazimisha. Ukimwambia mgongo wake unauma kwa sababu hajanyooka, unamkosea. Anahitaji nguvu ya kiuno. Wanaume wengi wanaokaa ofisini au kwenye usukani kipimo huwaonyesha kinyume chake. Hivyo mke na mume wa nyumba moja wanaweza kuhitaji madarasa tofauti, na kwenda pamoja kwa sababu tu ya kusindikizana si uamuzi wa busara.

Pilatesi ina jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, akashikiliwa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kuwa Mjerumani, na katika miaka ya 1920 akahamia New York na kufungua sehemu ya mazoezi. Yeye mwenyewe aliyaita Kontrolojia, elimu ya kuutawala mwili, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko la sasa: marudio machache, hakuna mwendo wa kurusha. Mashine zenye springi zipo, lakini mazoezi ya mkekani yanatosha kabisa kwa anayeanza.

Chukua zoezi la mia, maana ndilo watu hulifanya vibaya zaidi. Lala chali, inua magoti yawe juu ya nyonga, miguu imekunjwa nyuzi 90. Toa pumzi, na wakati unatoa, inua kichwa na mabega mpaka chini ya makombe ya mabega ndipo pabaki sakafuni. Mikono iko kando ya mwili, juu kidogo ya sakafu. Piga mikono juu na chini, mwendo mdogo wa sentimita 15 hivi, ukivuta pumzi puani kwa mapigo matano na kuitoa mdomoni kwa mapigo matano. Mara kumi ni mia. Anayeanza afanye 40, yaani pumzi nne kamili, na asione aibu.

Shingo ikiuma, umejiinua kwa kidevu. Weka kidevu kama unashikilia chungwa dogo kati yake na kifua, au laza kichwa chini kabisa. Tumbo bado litafanya kazi. Kiuno kikiinuka na kuacha pengo, miguu ni mizito kuliko uwezo wako. Weka nyayo sakafuni. Na uangalie tumbo lenyewe. Likichomoza katikati kama tuta, misuli haijashikana, jambo la kawaida sana baada ya kujifungua. Usiendelee na zoezi hilo. Fanya daraja: nyayo sakafuni upana wa nyonga, toa pumzi, inua makalio mpaka goti, nyonga na bega vinyooke mstari mmoja, hesabu tano, shuka taratibu. Mara 8 hadi 12. Ukisikia nyuma ya paja inakakamaa badala ya makalio, sogeza visigino karibu na makalio.

Yoga ni ya India, na ni kongwe mno kuliko pilatesi. Aliyewarahisishia kazi watu wagumu wa viungo ni B.K.S. Iyengar, aliyeingiza matumizi ya mikanda, vipande vya mbao na mablanketi ili mwili usiofika uletewe sakafu. Huo ndio ufundi wa kuuiga nyumbani: kanga iwe mkanda, matofali mawili yaliyofungwa kitambaa yawe vya kushikia, blanketi likunjwe liwe kiti. Wapo wasomaji wanaouliza kuhusu imani. Jibu la kweli ni kwamba yoga ina mizizi ya kiroho ya Kihindi na pilatesi haina. Kama nyimbo na tafakuri zake zinakusumbua dhamiri, mwulize mwalimu mapema kama darasa lake lina mikao na pumzi tu, au chagua pilatesi na uongeze kunyoosha kwa kanga. Hakuna haja ya kugombana na moyo wako kila Jumamosi.

Kwa anayekaa ofisini, mkao wa yoga wenye faida kubwa ni goti chini. Weka goti la kulia kwenye blanketi, mguu wa kushoto mbele, muundi wima. Kabla hujasogea popote, kaza kalio la kulia na uvute mfupa wa kinena kuelekea kitovuni. Wengi watasikia mvuto mbele ya nyonga hapo hapo, kabla ya kwenda mbele hata kidogo. Ndipo usogee sentimita chache. Wanaojitupa mbele na kupinda kiuno huonekana wameenda mbali, lakini mvuto umehamia mgongoni. Mkao wa mbwa anayejinyoosha, viganja na nyayo chini na makalio juu, una kosa la jamii hiyo hiyo: watu hulazimisha visigino viguse chini na mgongo unaviringika kama wa mtu aliyebeba gunia. Kunja magoti, sukuma makalio juu na nyuma, nyoosha mgongo kwanza. Visigino vitashuka vyenyewe baada ya wiki kadhaa, na visiposhuka hakuna hasara.

Kuhusu muda: shikilia sekunde 30, mara mbili kila upande, ili kila kundi la misuli lipate jumla ya sekunde 60. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kuleta mabadiliko, zaidi ya hapo ni bora zaidi. Wiki za mwanzo utafika mbali kwa sababu ubongo umezoea mvuto ule na kuacha kuuogopa. Msuli wenyewe bado haujabadilika sana. Ndiyo maana ukiacha unarudi nyuma. Usidundedunde, na usivute misuli baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma zina baridi ya kweli, kwa hiyo tembea au panda ngazi dakika nane hadi kumi kwanza. Msimu wa upepo, fanyia ndani na ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji. Mazoezi yote mawili yanataka uvute pumzi nyingi puani, na vumbi letu halina huruma.

Mkeka wa ukili huteleza kwenye vigae, hasa kwenye mikao ya kusimama. Mkeka wa mpira wa milimita 4 hadi 6 unafaa yoga. Pilatesi inataka unene zaidi, kama milimita 10, kwa sababu unaviringika juu ya pingili za mgongo. Kama ni mmoja tu, nunua wa milimita 6 na uongeze blanketi chini ya mgongo siku za pilatesi. Godoro halifai kwa lolote: kiuno kinazama na viganja vinapinda kupita kiasi.

Hakuna kati ya haya mawili linalotosha moyo na mapafu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kazi ya mkekani kwa sehemu kubwa ni nyepesi. Anayetaka kupunguza uzito kwa yoga ya polepole peke yake atavunjika moyo. Tembea kwa kasi kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, dakika 30, siku tano.

Wapo wa kuchukua tahadhari. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu, hasa mama aliyepita ukomo wa hedhi, aache kuviringisha mgongo na kujikunja mbele kwa nguvu. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asisimame kwa kichwa wala asikae kichwa chini muda mrefu. Mjamzito aliyevuka nusu ya ujauzito asilale chali kwa muda mrefu. Na mwalimu yeyote asiyekuuliza kuhusu majeraha kabla ya kuanza, au anayekukandamiza mgongo kwa uzito wake ili ufike chini, mwache aende zake.

Kwa dada wa Ilazo na saa zake tatu: akikuta pengo kubwa kati ya picha mbili, afanye pilatesi Jumatatu na Alhamisi, na Jumamosi anyooshe kwa kanga na goti chini. Pengo likiwa dogo na namba zote ziko chini, ageuze: yoga mara mbili, daraja na zoezi la mia mara moja. Kazini, kila saa asimame dakika mbili. Baada ya wiki sita arudie kipimo saa ile ile ya siku, maana jioni mwili hulegea kuliko asubuhi, na aweke picha mpya karibu na za zamani. Kama mguu usioshikwa sasa unaukaribia ule wa kanga, siku moja ya pilatesi ihamie yoga.