Maswali ya Wasomaji: Baiskeli za Kukodi Mjini Mtwara

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha vijana kinataka kununua baiskeli 20 za kukodisha. Mtu achukue Mikindani, aache Mtwara mjini. Tuiombe nini manispaa? – Kikundi cha vijana, Mikindani

JIBU: Ndugu zetu, wazo ni zuri ila njia ni ndefu. Kilomita kumi hivi za jua mtu atapanda daladala. Baiskeli ya namna hii hulipa kwenye safari ya kilomita 1 hadi 4, mathalani sokoni hadi Hospitali ya Ligula au Shangani. Anzeni na vituo vinne vilivyokaribiana.

Msianze kwa kuomba fedha, ombeni maegesho. Eneo la soko liko chini ya manispaa, lakini kando ya barabara za mitaa mtahitaji kibali cha TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kwa baiskeli 20 tengenezeni nafasi 40, kwani anayekuta kituo kimejaa huitelekeza baiskeli njiani. Paris ilichoshwa na skuta za umeme za kukodi (zile za kusimamia, zenye magurudumu madogo) zilizoachwa ovyo; wakazi walipiga kura, na tangu Septemba 2023 zimeondolewa.

Nafasi yenyewe ni bomba la chuma la inchi 2 lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, kimo sentimita 75, miguu ikazamishwa kwenye zege. Moja hufungwa baiskeli mbili, kwa hiyo mabomba 20 yanatosha. Acheni mita 1 kati yake, la sivyo mikono ya usukani itagongana.

Mkopo wa vijana upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kati ya hizo ni za vijana, na hauna riba. Tafadhali msiumalizie wote kwenye baiskeli! Tengeni fungu la vipuri na la fundi, maana chumvi ya bahari haina huruma. Nunueni zisizo na gia, zote ringi ya inchi 26, ili tairi na tyubu ziingiliane. Cheni ipakwe oili nyepesi kila wiki, kisha ifutwe kwa tambara. Mkiipaka grisi itanasa mchanga na kusaga meno yanayoshika cheni. Grisi ni ya golori. Nati za spoku nazo zitieni oili mapema, kwani zikishika kutu spoku hukatika fundi anaponyoosha ringi.

SWALI: Je, skuta za umeme zitafaa Lindi? – Msomaji, Lindi

JIBU: Kwenye lami nzuri, ndiyo. Kwenye mitaa ya mchanga, hapana: gurudumu lake dogo huzama ghafla na kumrusha mwendeshaji mbele.